Ugunduzi na Uvumbuzi Si Mamoja

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa tafsiri kipande kifupi cha Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka wa 2001. Kilikuwa kifungu cha 21, kinachotaja mambo yasiyoweza kupewa hataza, yaani ile hati ya serikali inayompa mtu haki ya pekee ya kutumia na kuuza alichokibuni kwa muda maalumu. Wengi waliniletea sentensi hii: "Uvumbuzi hautachukuliwa kuwa uvumbuzi." Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana kosa hilo si lao peke yao. Ni letu sisi walimu, waandishi na watangazaji ambao tumelibebesha neno moja mizigo miwili: kukipata kilichokuwapo na kukibuni kisichokuwapo.

Anayedhani kwamba huu ni ubishi wa wanaisimu tu na atazame yaliyotokea Marekani kuhusu jeni mbili zinazohusiana na saratani ya matiti. Huko tofauti hiyo iligombaniwa mahakamani kwa miaka minne, na fedha nyingi za wenye hisa zikapanda na kushuka pamoja nayo.

Mwaka wa 1990 Profesa Mary-Claire King wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitangaza kwamba amepata alama ya kijeni katika kromosomu ya 17, inayorithiwa pamoja na saratani ya matiti katika baadhi ya familia. Alama si jeni yenyewe. Ni kama mtu akuambie kwamba kosa la chapa limo katika sura ya kumi na saba ya kitabu, bila ya kukuonyesha neno lenyewe. Hata hivyo, fununu hiyo ilitosha kuanzisha mbio. Mwaka uliofuata kampuni ya Myriad Genetics iliundwa mjini Salt Lake City, Utah, na mtaji ukaifuata. Watafiti wake walitegemea sana familia za Wamormoni, watu wanaohifadhi nasaba zao kwa uangalifu ambao hata masharifu wa Lamu wangeusifu. Agosti 1994 kampuni iliwasilisha ombi la hataza ya jeni iitwayo BRCA1, na Oktoba matokeo yakachapishwa katika jarida la Science.

Jeni ya pili, BRCA2, ilipatikana kwa kinyang'anyiro. Michael Stratton wa Uingereza, ambaye awali alishirikiana na kundi la Utah kabla ya kujitenga nalo, alikuwa tayari kuchapisha matokeo ya kundi lake katika Nature mwezi wa Desemba 1995. Myriad, ambayo miezi michache tu kabla ya hapo ilikuwa imeanza kuuza hisa zake kwa umma, iliwasilisha ombi lake siku moja kabla ya makala hayo kutoka. Siku moja!

Sitaki kuwadhulumu wawekezaji. Hoja yao ina uzito: utafiti hula fedha kwa miaka mingi bila ya kurudisha hata senti, na asiyekuwa na kinga ya sheria atatafuta, wenzake wavune. Kwa hiyo, kwao, tarehe ya ombi ndiyo kila kitu. Lakini katika kubishana juu ya nani alitangulia, swali la kwanza lilisahaulika: alitangulia kufanya nini?

Mwaka wa 2004 Ofisi ya Hataza ya Ulaya, mjini Munich, iliifuta hataza mojawapo ya BRCA1. Sababu yake ingemfurahisha mwalimu yeyote wa imla. Jeni huandikwa kwa herufi nne, A, C, G na T, na katika ombi la kwanza la mwaka wa 1994 herufi kadhaa zilikuwa na makosa. Masahihisho yalipowasilishwa, mfuatano sahihi ulikuwa umekwisha kutangazwa hadharani. (Hataza hiyo ilirejeshwa mwaka wa 2008, lakini ikiwa imepunguzwa mno.) Mimi ninaona jambo moja hapa. Aliyebuni kitu hawezi kukikosea hijai, kwani yeye ndiye anayeamua kiandikweje. Anayeweza kukosea ni yule anayenakili maandishi ya mwingine.

Marekani nayo ilifika huko kwa njia ndefu. Kesi ilifunguliwa mwezi wa Mei 2009 na chama cha wataalamu wa patholojia ya molekuli, pamoja na madaktari na wagonjwa. Juni 13, 2013 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba jeni ya asili haipewi hataza kwa sababu tu imetengwa na mwili, ila nakala yake iliyotengenezwa katika maabara, ikiwa imeondolewa vipande fulani, yaweza kupewa. Asubuhi hiyo hisa za Myriad zilipanda, kwa kuwa wawekezaji walikiona kile kilichosalia. Kabla ya soko kufungwa zilikuwa zimeshuka, kwani washindani walianza kutangaza vipimo vyao siku iyo hiyo. Kipimo kilichokuwa kikiuzwa zaidi ya dola 3,000 kilipata mshindani wa dola 995. Miaka miwili baadaye Mahakama Kuu ya Australia nayo iliikataa hataza ya BRCA1 katika kesi ya Yvonne D'Arcy, mwanamke aliyewahi kuugua saratani hiyo.

Sehemu ya pili ya hukumu ya Marekani hainiridhishi sana. Mhariri anayeondoa kurasa kadhaa katika kitabu hageuki kuwa mtunzi wake. Hilo nawaachia wanasheria.

Linalonikera zaidi ni jingine. Hukumu ilifungua jeni, lakini haikufungua kamusi yake. Kipimo husoma herufi za mgonjwa, kisha huzilinganisha na za watu waliopimwa awali ili kujua mabadiliko yapi yana madhara. Myriad, ikiwa peke yake sokoni, ilikusanya hazina kubwa ya masomo hayo, na tangu katikati ya miaka ya 2000 ikaacha kuyachangia katika hifadhi ya umma. Kwa kuwa waliopimwa wengi walikuwa wa asili ya Ulaya, mwanamke wa asili ya Kiafrika amekuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupewa jibu kwamba ana badiliko ambalo maana yake haijulikani. Amelipa, ametoa damu, na amerudi nyumbani na neno lisilo na tafsiri. Je, aamue kukatwa ziwa kwa neno hilo, au angoje? Hapa hakuna hataza ya kufutwa, kwa kuwa siri ya biashara haina tarehe ya kumalizika.

Wanafunzi wangu tuliwasahihisha hivi: "Ugunduzi hautachukuliwa kuwa uvumbuzi." Ninajua kamusi zetu huyapa maneno haya mawili maana zinazoingiliana, na sidai kwamba matumizi ya karne nzima yatabadilika kwa sababu ya makala moja ya gazeti. Lakini naomba wanaoandika vitabu vya kiada, pamoja na walimu wanaosahihisha insha za kidato cha nne, wayatenganishe kuanzia sasa: ugunduzi kwa jeni, kwa mto na kwa sayari, uvumbuzi kwa kipimo, kwa mashine na kwa dawa iliyoundwa. Mwanafunzi anayesoma leo ndiye atakayeletewa kesho fomu ya kutoa damu kwa ajili ya utafiti, na ni haki yake aelewe kinachotafutwa humo, na kitakuwa mali ya nani kikipatikana.