Yakuti kubwa haitembezwi Barabara ya Jogoo

Jioni moja, jua likielekea kutua, jirani yangu hapa Jericho alinibishia mlango. Alikuwa amevaa koti, jambo ambalo yeye hulifanya tu anapokwenda kanisani au mazishini, na mkono wake wa kulia haukutoka mfukoni hata tulipokuwa tukiamkuana.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "funga mlango kwanza."

Nilipofunga, alikunjua kitambaa mezani. Ndani mlikuwa na jiwe la buluu, safi kama maji ya kisima, ukubwa wake kama yai la kuku. Vijana wawili aliokutana nao Barabara ya Jogoo walimwambia ni yakuti kutoka machimbo ya Taita. Walitaka shilingi 60,000 tu, eti kwa kuwa mgonjwa wao amelazwa na muda hauwangoji. Alikuwa amekwisha kuwapa 5,000 za arubuni, na zilizosalia angewapelekea asubuhi yake.

"Na hizo 55,000 zatoka wapi, mzee mwenzangu?" nikamwuliza.

Akatazama chini. Ilikuwa karo ya binti yake aliye chuoni, anayesomea uuguzi.

Msomaji mpenzi, sikumcheka, nawe usimcheke. Jiwe la buluu lina mvuto ambao umewashinda hata wafalme. Mwaka 1981 Diana alipoposwa na mrithi wa ufalme wa Uingereza, pete aliyovaa ilikuwa na yakuti ya buluu kutoka Sri Lanka, iliyozungukwa na almasi 14 ndogo. Na pete hiyo hiyo ina historia ya hapa kwetu. Mwezi Oktoba 2010 mwanawe, William, alikuja nayo Kenya ndani ya mkoba wake wa safari, akamposa Kate Middleton karibu na Ziwa Rutundu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya.

Sasa sikiza uzito wa yakuti hiyo mashuhuri: karati 12. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, kwa hivyo jiwe zima lina gramu mbili na nukta nne. Kijiko cha chai kilichojaa sukari kina uzito zaidi ya huo! Ikiwa jiwe la malkia mtarajiwa halifiki kijiko cha sukari, la jirani yangu lenye ukubwa wa yai lilikuwa limetoka wapi?

Kiswahili chetu kililijua jiwe hili zamani. Nyekundu tunaiita yakuti, na ya buluu, kama wasomaji wa Biblia wanavyofahamu, ni yakuti samawi. Wazee waliyapa mawe hayo mawili jina moja, na sayansi imekuja kuwaunga mkono. Yote mawili ni madini ya aina moja, yaliyofanyika kwa alumini na oksijeni. Chembe za kromiamu zikiingia, jiwe huwa jekundu. Chembe za chuma na titani zikiingia pamoja, huwa la buluu. Kwa ugumu yanapitwa na almasi tu miongoni mwa vito vinavyojulikana sana.

Kwa nini basi yakuti kubwa ni adimu? Kwanza, alumini imejaa ardhini, lakini karibu kila mahali imechanganyika na silika, ile iliyo katika mchanga wa kawaida. Silika ikiwepo kwa wingi, alumini hujiunga nayo na kuwa mawe mengine yasiyo na bei. Ni pale tu silika inapopungua, joto na mgandamizo vikiwa vikali, ndipo yakuti huota. Pili, kadiri jiwe linavyokua ndivyo linavyozidi kuingiwa na nyufa, mawingu na uchafu. Tatu, fundi akilikata ili ling'ae, aghalabu zaidi ya nusu ya uzito wake hupotea. Ndiyo maana jiwe safi la karati kumi huuzwa kwa bei inayozidi mara nyingi bei ya mawe kumi ya karati moja moja.

Yakuti ya ukubwa wa yai ipo duniani, na watu hupiga foleni kwenda kuitazama. Inaitwa Logan, ina karati 423 hivi, nayo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, mjini Washington. Ilichimbwa Sri Lanka.

Sisemi kwamba Afrika Mashariki haina kitu. Miamba mikongwe inayoanzia Msumbiji, ikapita Tanzania hadi Kenya, ina vito vya kila rangi. Yakuti nyekundu zilivumbuliwa karibu na Tsavo Magharibi mwaka 1973. Za buluu hupatikana Garba Tula, na za rangi nyingi katika bonde la Umba, upande wa Tanzania, karibu na mpaka wetu. Tunduru nako wachimbaji walimiminika katika miaka ya 1990. Lakini waulize wachimbaji wenyewe: mengi wanayoyatoa ni madogo kama punje za mahindi.

Basi nilichukua ile lenzi ninayosomea gazeti, tukaliweka jiwe chini ya taa. Ndani yake vilionekana viputo vya hewa, viduara kabisa, kama vya soda. Hiyo ni alama ya kioo kilichoyeyushwa. Jirani yangu alitazama mara tatu, kisha akaketi.

Hata hivyo, msomaji, usidhani lenzi ya gazeti itakulinda daima. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, Mfaransa Verneuil alipoonyesha namna ya kutengeneza yakuti kwa moto, viwanda hutoa mawe magumu kama ya ardhini, yasiyo na viputo vya kuonekana kwa macho. Hayo hutambuliwa na mtaalamu mwenye vyombo. Tena, chini ya Sheria ya Madini ya 2016, anayefanya biashara ya madini sharti awe na leseni. Mwombe muuzaji akuonyeshe yake, halafu mwambie mwende pamoja kwa mtaalamu wa vito. Mwenye jiwe la kweli atafurahi, kwa maana bei yake itapanda. Mwenye kioo atakumbuka ghafla mgonjwa wake.

Na swali lililopaswa kumwamsha jirani yangu mapema ni hili: nani humwachia mtu asiyemjua yakuti ya mamilioni kwa arubuni ya shilingi 5,000?

Fedha hizo hakuzipata tena, kwani simu ya wale vijana haikuingia tangu siku ile. Lakini zile 55,000 zilifika chuoni. Jiwe lenyewe liko dirishani kwake, na jua la asubuhi likilipiga hupendeza kwelikweli.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukitembezewa yakuti mtaani, kumbuka methali hiyo kabla hujatia mkono mfukoni.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia mapumziko mema.