Makuta ya mutuelle iende kwa koloskopi, si kwa CA 19-9

Tangu mkutano wa mwezi uliopita hapa Kadutu, kuko maneno mingi juu yetu. Wanasema sendika imekuwa na uchoyo, eti tunakatalia wachimbaji kipimo cha kansa. Tunajibu hapa, juu siku ile kila mtu alikuwa anapiga kelele na hatukusikilizana.

Ni kweli, tulipiga kura tuondoe CA 19-9 kwenye visite ya kila mwaka. Ni kile kipimo cha damu wanachouza kwa jina la « bilan ya kansa »: unatoa damu asubuhi, unarudi kuchukua karatasi, na kama namba iko chini ya 37 wanakuambia uko salama, muzee. Hatukukiondoa juu ya bei tu. Tulikiondoa juu ya mwenzetu mmoja.

Alikuwa fundi wa pompe, miaka 49. Alianza kuona damu kwa choo. Walimupatia Flagyl, kama kila mtu hapa: damu kwa choo ni amibe, na kama si amibe ni hemoroide. Mara tatu alimeza ile Flagyl. Kisha akaenda kupima CA 19-9, na makuta ilitoka kwa mutuelle yetu wenyewe. Namba ilikuwa chini ya 2. Alifurahi, na sisi tulifurahi, akarudi kazini. Mwaka uliofuata, tena chini ya 2. Miezi mitano nyuma tumbo likajifunga. Walipomupasua walikuta kansa ya utumbo mkubwa, imeshafika kwenye ini. Tulimuzika kabla ya mishahara ya mwezi ule.

Tukaenda kwa munganga mmoja mwenye subira atueleze ile namba. CA 19-9, alisema, si « kansa ndani ya damu ». Ni sukari. Si ile ya chai: ni mnyororo mfupi wa sukari unaokaa kwenye ngozi ya nje ya seli. Timu ya Hilary Koprowski, kule Philadelphia, iliigundua mwaka 1979 kwa kutumia seli za kansa ya utumbo mkubwa. Kila kipande cha mnyororo kinaunganishwa na enzimu yake, na kila enzimu inatengenezwa kwa amri ya jeni yake. Sisi wa shimo tunaelewa haraka: ni équipe. Mmoja anachimba, mwingine anabeba, wa mwisho anaosha. Kwenye seli yenye afya, enzimu ya mwisho inaongeza kipande kingine cha sukari na kazi inakwisha. Kwenye seli ya kansa, mara nyingi jeni ya ile enzimu ya mwisho imezimwa. Haikuvunjika, iko pale pale, lakini imefungwa mdomo. Mnyororo unabaki nusu, na ile nusu ndiyo CA 19-9. Tena ni ile nusu inayosaidia seli ya kansa kunata kwenye kuta za mishipa ya damu na kuingia sehemu zingine za mwili.

Sasa kuko watu ambao équipe yao inakosa mtu tangu kuzaliwa. Wanaitwa Lewis-négatif, Lewis ni kundi la damu, kama vile kuko A ao O. Jeni ya enzimu moja ya huu mnyororo haifanyi kazi kwao, basi CA 19-9 haitokei ao inabaki chini kabisa, hata kansa ijaze tumbo. Vitabu vya benki za damu vinahesabu karibu watu 6 kwa 100 kati ya Wazungu, na karibu 22 kwa 100 kati ya Weusi wa Marekani. Babu za hao Weusi walitoka wapi? Hapa Afrika. Mwenzetu, hakuna aliyefikiri kumupima Lewis. Namba ilikuwa nzuri, nani angeuliza?

Na hata kwa mtu anayetengeneza hiyo sukari, namba inapanda juu ya mawe ya nyongo ao macho ya manjano, na inaweza kubaki chini wakati kansa ingali ndogo, wakati bado inaweza kukatwa. Wanganga wanaitumia zaidi kufuatilia mgonjwa wa pankreasi ambaye ugonjwa wake umeshajulikana.

Wengine walituambia mkutanoni kwamba kansa ya utumbo ni ugonjwa ya Wazungu. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, aliandika mwaka 1971 kwamba ni nadra kwa Waafrika, juu ya chakula chenye nyuzi nyingi. Alikuwa anasema juu ya watu wa kijiji na maharagi yao na viazi vyao. Aje aone tunachokula kwenye carrière: mkate mweupe, biskuti, na bia jioni.

Tunachotaka ni hiki. Mtu wa miaka 40 na zaidi, damu kwa choo ikipita wiki tatu, ao choo kimebadilika, ao anakonda, ao damu imepunguka bila sababu: mutuelle imulipie koloskopi, na usafiri kama inapashwa. Kwa wengine, kipimo cha damu iliyojificha kwa choo. Na minyoo yetu ya hapa, kitaonyesha damu mara nyingi bila kansa, tunajua. Lakini kitamutuma mtu kwa munganga, hakitamurudisha nyumbani akicheka.

Wenye mkataba wa kazi, Code du travail ya 2002 inamupa mwajiri mzigo wa matibabu yao na ya jamaa. Tutaidai kwa kampuni moja moja. Lakini creuseur wa Kamituga ao wa Nyabibwe hana mwajiri, yuko na koperative tu na hii mutuelle. Ndiyo maana tunahesabu kila franga.

Anayepinga aombe kura tena kwenye mkutano ujao, ni haki yake. Mwenye karatasi ya CA 19-9 aje nayo. Mwenye damu kwa choo asingoje mkutano, aje ofisini kesho.