Mtutu Mfupi, Mdomo Mrefu

Wiki nzima grupu letu la Lodwar lina kesi moja tu: ukinunua kabastola kadogo, kale ka silinda ya risasi tano, uchukue mtutu wa inchi mbili au inchi tatu? Watu wamekesha. Kuna msee wa Kakuma ametuma video tisa za Wamarekani. Hakuna hata mmoja wetu mwenye leseni ya bunduki, lakini kila mtu ni kamanda.

Basi acha niwajibu, halafu niwakasirishe.

Najua kuna wale wataandika "wewe chuo kilikushinda, utatufunza nini." Sawa, nilitoka bila cheti. Lakini hii ni fizikia ya sekondari. Mtutu wa inchi mbili unaingia mfukoni, na sifa zake karibu zinaishia hapo. Baruti haipati nafasi ya kuungua yote kabla risasi haijatoka, kwa hivyo risasi inatoka na mwendo mdogo na baruti iliyobaki inaungulia nje. Unapata mwali na kelele. Kwa sababu bastola yenyewe ni nyepesi, inakupiga teke la mkono. Alama za kulengea, ya mbele na ya nyuma, zimekaribiana sana, kwa hivyo mkono ukiyumba kidogo hata huoni kosa, na risasi imeshaenda kando. Hata kale kafimbo ka kusukuma maganda ni kafupi, maganda yanaweza kukwama katikati. Inchi tatu inapunguza shida hizo, ila inaanza kuonekana chini ya shati.

Kwa hivyo wa inchi tatu mmeshinda. Hongereni. Sasa tuongee.

Hako kabastola kalitengenezewa nani? Colt walitoa yao maarufu ya inchi mbili mwaka wa 1927 na kuiita Detective Special. Jina linajieleza: ni ya mpelelezi aliyevaa kiraia, anayeficha silaha chini ya koti, na mtu anayemwogopa yuko naye chumba kimoja. Ni silaha ya hatua tatu, nne.

Haya, niambie. Hapa Turkana, nani anakuja hatua tatu kutoka kwako?

Si ngoroko. Ngoroko ana AK-47. Mtutu wake ni zaidi ya inchi 16, na anakupata ukiwa mita 300. Uliza madereva wa barabara ya Kitale kuja Lodwar, pale Kainuk. Risasi inafika kwa kioo kabla hujajua imetoka kichaka gani. Uliza watu wa Kapedo na Lokori. Uliza familia za wavuvi waliovamiwa Todonyang Februari 2025. Hapo utatoa inchi mbili zako ufanye nini, upige vumbi?

Anayekaa hatua tatu kutoka kwako ni msee mnayecheza naye pool. Ni bro wako mnayegombania mbuzi wa mahari. Ni dem wako siku umeshika simu yake ukaona jina usilolijua. Na saa nane usiku, mawazo yakizidi, ni wewe mwenyewe. Hao ndio watu kabastola kanaweza kufikia. Mnapobishana inchi, mnachagua namna ya kumpiga mtu anayewajua kwa jina.

Na si eti unaenda dukani unachagua tu kama viatu. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti, na bodi ya leseni inataka sababu nzuri na mtu anayefaa. "Nataka niheshimiwe Lodwar" si sababu. Kabastola ka kununua gizani nako huchagui mtutu. Unapewa kilichopo, na kesi juu yake.

Mtasema serikali haitulindi. Ni kweli, na mimi siitetei. Mwaka wa 2019 polisi wa akiba walinyang'anywa bunduki na vijiji vikabaki wazi. Februari 2023 wanajeshi walitumwa kaunti sita, yetu ikiwemo, na bado watu wanazikwa. Kwa miaka mingi hao polisi wa akiba walilinda mifugo bila mshahara. Hiyo ndiyo kesi ya kukesha nayo kwa grupu: nani analipwa, nani ana gari la kufika Lokori kabla ng'ombe hawajavuka.

Na kama unadhani silaha ya mtu binafsi inamwokoa, kumbuka wachungaji wetu 32 waliohukumiwa miaka 20 na mahakama ya kijeshi Moroto, Uganda, 2023. Wale walishtakiwa kwa bunduki za ukweli, si vitu vya mfukoni. Waliishia jela.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992 kupokea watu waliotembea kutoka Sudan wakikimbia bunduki. Wazee wao bado wako hapo. Nenda uwaulize inchi ngapi ni nzuri, uone watakavyokuangalia.

Komenti ziko wazi. Ukitaka kubishana na mimi, nitajie mtu mmoja wa hapa unayemjua, si wa video, aliyeokolewa na kabastola ka mfukoni. Halafu nami nitakutajia waliozikwa. Nangoja.