Deraya za Warumi na Ngao za Mbulu

Mwaka 1964, huko Corbridge, Uingereza, wachimbuzi wa athari za kale walifukua sanduku lenye deraya za askari wa Kirumi, na kwa mabaki yale yaliyoliwa na kutu wakabainikiwa, baada ya taabu nyingi, namna mabamba ya chuma yalivyoshikanishwa kwa mikanda. Mikanda yenyewe ilikuwa ya ngozi, nayo ngozi haina subira na udongo. Ndiyo sababu nasikitikia ngao za ngozi za Wairaqw na Wadatoga, ambazo pasina chuma cha kuzishuhudia zitatoweka kabisa. Basi hapa Maretadu, wilayani Mbulu, Tanzania, kabla ya sururu, naona afadhali daftari: wazee wangali hai, na mhunzi wa Kidatoga aujua mkuki kuliko mchimbuzi yeyote.