Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiachwe asome peke yake

KILA mwaka vyuo vikuu vinapofunguliwa, stendi za mabasi za Nyegezi na Nyamhongolo jijini Mwanza hupokea vijana wenye masanduku, magodoro yaliyofungwa kwa kamba na bahasha za vyeti. Hutoka Kigoma, Tabora, Bukoba na Musoma. Wa Sengerema na Geita hawasubiri tena kivuko, kwani daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Wengi huelekea Malimbe, kwenye Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), kilichoanza mwaka 1960 kama chuo cha mafunzo ya jamii na kupata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1998. Wengine hupanda kilima cha Bugando kusomea udaktari na fani nyingine za afya. Vyuo vyote viwili ni vya Kanisa Katoliki, navyo hupokea wanafunzi wa dini zote, wakiwamo watoto wetu.

Mzazi wa Kiislamu akishalipa ada, akapata chumba cha kupanga na kumuusia kijana wake swala tano, huona ametua mzigo. Kwa maoni yetu, mzigo huo bado haujatuliwa.

Tumwangalie kijana huyu. Shuleni alikuwa na kengele, mwalimu aliyemjua kwa jina, na wenzake wa bweni moja. Chuoni anakaa ukumbini pamoja na mamia. Mhadhiri anafundisha kwa Kiingereza, anamaliza na kuondoka. Asipoelewa, huona haya kuuliza. Jioni hurudi kwenye chumba chake cha kupanga huko Sweya au Nyegezi na kukesha na "madesa", yaani nakala za maelezo ya wanafunzi waliotangulia, akiamini kuwa wenzake wote wanaelewa isipokuwa yeye. Matokeo yakitoka, anarudia mitihani, na wapo wanaoondolewa chuoni kabisa. Nyumbani husemwa kwamba amecheza na ujana. Huenda, lakini mara nyingi kijana huyo alisoma sana, tena kwa bidii, ila alisoma peke yake.

Jambo hili limepata kuchunguzwa. Katika miaka ya 1970, mwalimu wa hisabati Uri Treisman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, alitaka kujua kwa nini wanafunzi wengi weusi walishindwa somo la kalkulasi ilhali wenzao wenye asili ya China walifaulu. Wengi walidhani sababu ni uvivu, au familia zisizojali elimu. Alipowafuatilia hadi wanakoishi, aliona sivyo: wanafunzi weusi walisoma kwa bidii, lakini kila mmoja kivyake, Wachina walikula pamoja, wakasahihishana na kuulizana. Akaanzisha vikundi vya kufanyia kazi maswali magumu kwa pamoja, na matokeo yakabadilika sana. Tuzingatie kuwa hakuwapa masomo mepesi ya kuwaonea huruma.

Sisi Waislamu hatupaswi kuliona hilo kuwa geni. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, aliunga udugu baina ya Muhajirina na Ansari, mgeni mmoja kwa mwenyeji mmoja. Abdurrahman bin Auf alipopewa na nduguye, Saad bin Rabii, nusu ya mali yake, aliikataa kwa wema na kuomba aoneshwe soko lilipo tu. Mwanafunzi mgeni naye anahitaji mtu wa kumwonesha soko: maktaba inatumikaje, mhadhiri yupi anafikika, swali la mtihani linajibiwa vipi.

Basi na viundwe vikundi vya watu watano au sita wa kozi moja, chini ya mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu, vikutane mara mbili kwa wiki tangu wiki ya kwanza. Kila mmoja aje na alichokijaribu, hata kama amekosea. Asiwepo mmoja wa kusoma na wengine wa kunakili. Hafla ya pilau ya kuwakaribisha wageni ni jambo jema, lakini ikiisha na watu wakaagana hadi mwaka mwingine, pilau hiyo haimfundishi mtu takwimu.

Wapo watakaotaka kikundi kiwe darasa la dini. Hatuafiki. Darsa zina wakati wake msikitini. Saa ya anatomia iwe ya anatomia, na mwenzao Mkristo wa kozi hiyo hiyo akaribishwe kwenye meza, kwa kuwa ukumbini wanaketi pamoja na mtihani wao ni mmoja.

Mabinti wasisahauliwe. Kikundi kinachokutana baada ya Isha, mbali na nyumba wanazopanga, kimewafungia mlango hata kama hakuna aliyesema wasije. Baada ya Alasiri, mahali peupe panapofikika, panawafaa zaidi.

Gharama si kubwa: chumba kimoja, meza ndefu, ubao na umeme. Kamati za misikiti iliyo jirani na vyuo zinaweza kuvipata kwa wahitimu walioajiriwa hapa hapa Mwanza, nao wazazi walio mbali wabadili swali wanalouliza kwa simu. Badala ya "fedha zimefika?", waulize: wiki hii umesoma na nani?