Songesha Maiki, Wacha Kulaumu Mpiga Dramu
Maprodyusa wa bedsita, tuambiane ukweli. Unabandika maiki sentimita tano kutoka ukingo wa toazi, likibembea sauti inapanda na kushuka, halafu unasema jamaa hajui kupiga? Kazi yake unaipa kompyuta, na yeye anarudi home bila kitu. Hiyo si haki, manze.

Toazi linataka nafasi. Weka maiki mbili juu ya dramu, kama mita moja hivi, zote umbali sawa kutoka kwa snea. Pima na kamba. Zikitofautiana, mlio wa snea unafikia moja kabla ya nyingine, na ukizichanganya unakonda. Glyn Johns alirekodi dramu za albamu ya kwanza ya Led Zeppelin mwaka wa 1968 na maiki chache tu. Wewe nane ni za nini?

Kamba ni bei ya chini tu. Songesha maiki kwanza, ndio uanze kulaumu mtu.