Baridi ya Julai na Ngege wa Uani

Awasi hakuna theluji, lakini alfajiri za Julai maji ya bwawa la uani hupoa. Yakishuka chini ya nyuzijoto 20, ngege hupoteza hamu ya kula. Usipopunguza chakula, kinachobaki huoza na kumaliza oksijeni. Kukipambazuka utawakuta wakitweta juu ya maji. Ukichelewa, karo ya watoto imeelea tumbo juu.

Walishe adhuhuri, jua likishapasha maji, kiasi cha kumalizika kwa dakika 10. Bwawa liwe na kina cha mita moja hivi, kwani maji machache hupoa upesi. Wakianza kutweta, acha kulisha, usitie samadi, ongeza maji safi. Wengi huuawa na ukarimu wetu, si baridi.